Kikombe cha Dirishani

Kila jioni nikishafunga duka, kabla sijagombea daladala, napita kwa mzee anayeuza kahawa karibu na Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Ana benchi moja la mbao, dele la shaba juu ya jiko la mkaa, sahani ya kashata, na finjani saba au nane. Wanywaji tunafika hata ishirini. Ukimaliza, finjani yako inachovywa kwenye beseni la maji, inazungushwa kwa kidole gumba mara moja, inajazwa, anapewa anayefuata. Anayefuata anaweza kuwa kuli wa Songea mwenye rozari shingoni, au shehe anayetoka kuswali magharibi, au mimi.

Siku ya kwanza, mwaka 2018, nilipopokea ile finjani mkono wangu ulisita. Mzee akadhani naogopa moto wa kahawa, akaniambia nishike kwa juu. Moto haukunishughulisha. Kwetu nilikotoka kikombe kina mwenyewe, na mwenyewe anajulikana kwa dini yake.

Mimi ni Mpakistani. Nimezaliwa Karachi, mtaa wa Soldier Bazaar, katika familia ya Makhoja wa Shia Ithnaasheri, Waislamu wenye asili ya Kihindi. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Unguja, akaondoka baada ya Mapinduzi ya 1964 na watoto wawili na cherehani. Kiswahili hiki ninachoandika nilikianza jikoni kwake, kwenye "funika sufuria" na "mtoto huyu hasikii", miaka mingi kabla ya kuja kukimalizia dukani kwa mjomba hapa Dar. Nilipokuwa mdogo sikujua mpaka wa Kiurdu ni wapi na wa Kiswahili ni wapi. Chai ni chai kote kuwili, rangi ni rang, hesabu ni hisab, duka ni dukan. Barabara kubwa ya mji wetu, ambayo sasa inaitwa M. A. Jinnah Road, wazee bado wanaiita Bandar Road, na hakuna Mswahili anayehitaji kuambiwa barabara hiyo inaelekea wapi.

Soldier Bazaar ni mtaa mchanganyiko. Kutoka kwetu unatembea kidogo tu unakuta hekalu la Wahindu la Panchmukhi Hanuman. Makanisa yapo, imambara, nyumba zetu Mashia za maombolezo, zipo, na Nishtar Park, panapofanyika majlisi kubwa za Muharram, mwezi wa maombolezo yetu, si mbali. Mtu akipita juu juu atasema hawa watu wanaishi kama ndugu. Na kweli, kwa mambo mengi, tuliishi hivyo.

Lakini jikoni kwa bibi, kwenye kizingiti cha dirisha linaloangalia uani, kulikuwa na kikombe. Cha udongo mweupe, ua la buluu limefutika nusu, mkono umekatika ukabaki kipisi. Hakikupangwa kabatini na vingine. Hakikuoshwa na vingine. Kilikuwa cha yule mama Mkristo aliyekuja kutufagilia na kutusafishia vyoo kila asubuhi. Nilimwita khala, yaani mama mdogo, kama tunavyowaita wanawake wote wa umri ule. Bibi alimpenda. Alimshonea nguo za Krismasi kwa ile cherehani ya Unguja, alimlipia karo ya mtoto mmoja. Na kila asubuhi alimmiminia chai kutoka juu, birika lisiguse mdomo wa kile kikombe. Ukimuuliza, alisema ni mambo ya twahara, usafi wa kidini, na mtoto hana haja ya kuulizauliza.

Nisingekielewa kile kikombe kama nisingewahi na mimi kuwa upande wa pili. Nilikuwa na miaka 11. Ulikuwa Muharram, mama alipika haleem ya tabaruku, chakula cha baraka, usiku kucha. Haleem ni ndugu wa bokoboko, ngano na nyama zikipondwa mpaka ziwe kitu kimoja. Akanifungia kwenye mkebe nikawape rafiki zangu shuleni. Mmoja wao, Msunni ambaye tulikaa dawati moja miaka mitatu, alisogeza mkebe kwa ncha ya rula. Akasema, bila ubaya wowote usoni, kwamba nyumbani wamemwambia Mashia wanatemea mate chakula kabla ya kuwapa watu. Uvumi huo nimekuja kuusikia tena mara nyingi. Siku ile nilirudi na mkebe umejaa, nikamwaga haleem yote nyuma ya ukuta kabla ya kufika nyumbani ili mama asijue. Mpaka leo hajui.

Kesho yake asubuhi khala alikunywa chai yake dirishani kama kawaida, na mimi sikuunganisha mambo hayo mawili. Ilinichukua miaka mingine saba.

Tulilelewa tuipende nchi, na niliipenda. Agosti nzima watoto wa mtaa tulikuwa tukibandika vibendera vya karatasi kwenye kamba kwa gundi ya unga wa ngano, vidole vimeganda mpaka viwiko. Usiku wa kuamkia tarehe 14 mji mzima haulali. Pikipiki zimetolewa ekzosi, kila mtoto ana tarumbeta ya plastiki. Mwalimu alitufundisha kwamba sehemu ya kijani ya bendera ni ya Waislamu, na ule mstari mweupe wa upande wa mlingoti ni wa wasio Waislamu. Robo ya bendera nzima. Tulichora hivyo kwenye madaftari.

Na siyo bendera peke yake. Tarehe 11 Agosti 1947, siku tatu kabla ya uhuru, Muhammad Ali Jinnah, mwanzilishi wa Pakistan, alisimama mbele ya Bunge la Katiba hapo hapo Karachi akawaambia wananchi wako huru kwenda kwenye mahekalu yao, misikiti yao, au mahali pengine popote pa ibada, na kwamba dini ya mtu haihusiani na kazi ya dola. Jinnah naye alitoka katika familia ya Kikhoja, nasi watoto wa Kikhoja tulijivuna kwa hilo kama vile tulimzaa wenyewe. Aliyeongoza kikao cha kwanza cha bunge lile alikuwa Jogendra Nath Mandal, Mhindu wa tabaka la chini, ambaye akawa waziri wa kwanza wa sheria wa Pakistan. Shuleni jina la Mandal sikulisikia hata mara moja. Nilipolikuta baadaye ndipo nikajua kwamba mwaka 1950 alijiuzulu, akahamia India, akiwa amekata tamaa na namna watu wake walivyotendewa.

Siku ile ya 11 Agosti sasa ni siku ya kitaifa ya walio wachache, tangu 2009. Tuna siku. Tuna mstari mweupe. Katika miaka yangu ya ujana tukapewa na makongamano.

Tarehe 16 Desemba 2014 watu wenye silaha waliingia Army Public School mjini Peshawar wakaua watu zaidi ya 140, wengi wao watoto wa shule. Sijui niwaeleze vipi majuma yale. Mama zetu walikuwa wakitushika mashavu asubuhi kabla hatujatoka. Mishumaa iliwashwa kila njia panda. Na wakubwa, kwa nia njema kabisa, wakaamua vijana tukutanishwe, tufundishwe kuvumiliana.

Hivyo Februari 2015 nikajikuta kwenye hoteli moja Islamabad, nina miaka 18, kitambulisho kikining'inia shingoni, ndani ya ukumbi wenye vijana kama 200 kutoka kila jimbo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupanda ndege. Sitaki kubeza chochote cha siku zile tatu. Niliona Wapashtuni na Wabaluchi na Wahazara wakicheka meza moja, nikasikia lugha za nchi yangu ambazo sikuwahi kuzisikia.

Chumbani tulipangwa watatu: mimi, kijana mmoja wa Punjab, na kijana Mhindu wa Tharparkar, kule jangwani kusini mashariki mwa Sindh, jimbo letu. Huyu wa Thar alikuwa mpole, mrefu, ana shali ya kwao mabegani. Jioni ya kwanza tulisimama kwenye korido akatusimulia kuhusu mji wa Mithi, ambako Wahindu ni wengi kuliko Waislamu, na Waislamu kwa heshima ya jirani hawachinji ng'ombe, na Wahindu ukifika Muharram wanaweka maji na sharubati njiani kwa waombolezaji. Alisema hayo kama mtu anayekueleza njia ya kwenda sokoni.

Usiku yule wa Punjab akatoka, akarudi na mwandalizi mmoja. Walizungumzia mlangoni, kwa sauti ya chini, lakini chumba kilikuwa kidogo. Alisema hana neno na huyu ndugu, wallahi hana neno naye kabisa, ila bafu ni moja na glasi ni hizi tatu na haziwekwi alama. Mwandalizi alikuwa amechoka. Akaomba radhi kwa wote, akasema kimepatikana chumba kingine chenye nafasi, na kijana wa Thar akafunga begi lake. Alikunja shali taratibu sana. Alipopita kitandani kwangu alisema, "Usiku mwema, bhai," yaani kaka. Mimi nilikuwa nimeshika simu, naiangalia, na kioo chake kimezima.

Asubuhi aliitwa jukwaani kuwasha mshumaa wa umoja pamoja na maulana mmoja na padri mmoja. Ukumbi ulisimama ukapiga makofi. Nami nilisimama nikapiga.

Tangu siku ile neno "kuvumiliana" limenikaa vibaya mdomoni, kwa Kiswahili na kwa Kiurdu. Kuvumilia ni kustahimili kitu kinachouma: njaa, jua kali, jino. Kiurdu tuna bardasht, ambalo ni lile lile. Lakini tuna pia rawadari, ambamo rawa ni kile kilicho halali, kinachofaa. Mwenye rawadari anaona kwamba mwenzake kuwepo pale ni haki yake. Kule hotelini bango liliandikwa rawadari kwa herufi za dhahabu, na sote, pamoja na mimi, tulikuwa kwenye bardasht.

Wengi wanaosoma hapa wanalijua jina la Aasia Bibi, ila sidhani wanajua kesi yake ilianzia wapi. Ilianzia kwenye chombo cha kunywea maji. Juni 2009, kijijini Ittanwali, wilaya ya Sheikhupura, wanawake walikuwa shambani wakichuma falsa, vitunda vidogo vya zambarau vya msimu wa joto. Aasia, Mkristo, alikwenda kuteka maji. Wenzake wakagoma kunywa kwenye chombo alichokigusa. Maneno yakazaa maneno, akashtakiwa kumkashifu Mtume, na mwaka 2010 akahukumiwa kifo. Gavana wa Punjab, Salman Taseer, alimtetea, akauawa na mlinzi wake mwenyewe tarehe 4 Januari 2011. Waziri wa walio wachache, Shahbaz Bhatti, Mkristo pekee katika baraza la mawaziri, akauawa tarehe 2 Machi mwaka huo huo. Mahakama ya Juu ya nchi haikumwachia Aasia mpaka 31 Oktoba 2018. Watu wawili wakubwa wa nchi wamekwenda, mwanamke amekaa gerezani miaka tisa, na mwanzo wake ni ugomvi ambao kila jiko la mtaa wetu lingeuelewa.

Hata timu ya kriketi, kitu tunachokipenda kuliko tunavyopendana, haikupona. Danish Kaneria, Mhindu, alichukua wiketi 261, yaani aliwatoa nje wapigaji idadi hiyo, katika mechi za Test, zile ndefu za siku tano, nyingi kuliko mrusha mpira wa mzunguko yeyote wa Pakistan. Mwaka 2019 mchezaji mwenzake wa zamani, Shoaib Akhtar, alisema kwenye televisheni kwamba walikuwepo waliochukia Kaneria kula nao pamoja.

Nimejiuliza sana kwa nini vijana wa nchi yenye watu zaidi ya milioni 240, zaidi ya nusu yao hawajafika miaka 30, tunakutanishwa hotelini siku tatu kwa mwaka kama wageni. Jibu moja ninalo. Tarehe 9 Februari 1984 serikali ya Jenerali Zia-ul-Haq ilipiga marufuku vyama vya wanafunzi. Mimi nilipoingia chuo, miaka zaidi ya 30 baadaye, bado nilisaini hati ya kiapo kwamba sitajihusisha na siasa. Vyama vile vilikuwa na fujo zake, hata bunduki, wazee wanasimulia. Lakini mtu aliyegombea uongozi ilimbidi aende chumba kwa chumba kuomba kura ya Mhindu, ya Mkristo, ya Mshia, akae kwenye vitanda vyao, anywe chai yao. Mambo hayo hayafundishiki kwa bango. Aprili 2017, pale Mardan, Mashal Khan, mwanafunzi wa uandishi wa habari, aliuawa na umati wa wanafunzi wenzake ndani ya chuo chao kwa tuhuma ya kukufuru ambayo uchunguzi haukuona ushahidi wake. Nilikuwa mwanafunzi siku ile. Tulikaa kantini, hakuna aliyejua aanze kusema nini, maana hatukuwa na mazoea ya kusema chochote.

Novemba 2019, nikiwa hapa Dar, niliangalia kwenye simu wanafunzi wakiandamana miji mingi ya Pakistan kudai vyama vyao virudi. Wasichana mbele, ngoma, bendera nyekundu. Niliangalia mpaka chaji ikaisha. Bunge la Sindh lilipitisha sheria ya kuvirudisha mwaka 2022.

Lakini yapo mambo vijana waliyafanya bila kitambulisho shingoni. Machi 2015, majuma machache baada ya kongamano letu, wanafunzi wa National Students Federation walikwenda kwenye hekalu la Swaminarayan pale M. A. Jinnah Road, siku ya Holi. Wakashikana mikono wakaweka ukuta wa watu, ili Wahindu wa Karachi warushiane rangi kwa amani. Nilitaka kwenda. Mama alinizuia mlangoni. Barabara ni ile ile ambako tarehe 28 Desemba 2009 bomu lililipuka katikati ya maandamano yetu ya Ashura, siku ya kumi ya Muharram, likaua watu zaidi ya 40, na baba alikuwa humo, akarudi bila kiatu kimoja. Sikumlaumu mama. Nilikaa kitandani nikitazama picha: mvulana mwembamba amefumba macho, uso umejaa unga wa waridi na kijani, mikono imekatazwa kujipangusa kwa sababu imeshikwa na wenzake huku na huku.

Mwezi uliofuata tulimpoteza Sabeen Mahmud. Mwaka 2007 alifungua mahali panapoitwa T2F, mkahawa wenye vitabu, ambapo mtu yeyote angeweza kuingia akakaa akasikiliza na akabisha. Nimekwenda pale mara nne au tano. Chai ililetwa kwenye vikombe visivyofanana, na aliyekaa kushoto kwako hukumjua kabila wala dhehebu mpaka aanze kubishana. Usiku wa 24 Aprili 2015, akitoka kwenye mjadala kuhusu Wabaluchi waliopotezwa, alipigwa risasi garini akiwa na mama yake. Yeye akafa, mama akajeruhiwa. Kwangu mimi pale ndipo palikuwa kongamano la vijana, na lilikuwa wazi kila siku.

Sasa nirudi dirishani, maana kuandika habari za nchi ni rahisi kuliko kuandika habari za jikoni kwa bibi.

Niliporudi kutoka Islamabad, asubuhi iliyofuata nilichukua kikombe kabatini, cha seti ya wageni, nikamimina chai, nikampelekea khala uani. Alinishukuru. Alikaa nacho mpaka nikageuka. Nilipochungulia, alikuwa anaihamishia chai kwenye kikombe chake chenye ua la buluu. Kisha akakiosha kile cha seti mara tatu, kwa majivu na sabuni, akakiegemeza ukutani kikauke. Kesho yake nikafanya tena. Siku ya tatu akanishika kiganja.

"Mwanangu," akasema, "wewe utatoka uende zako chuo. Mimi nitabaki na bibi yako."

Nikaacha. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi, na sijaona ningefanya nini kingine isipokuwa kuzungumza na bibi mwenyewe, ana kwa ana. Hilo nililiogopa. Ningeweza kuzungumza mbele ya vijana 200.

Mwaka 2017 bibi alipooza upande mmoja. Kiurdu kikaanza kumtoka, kidogo kidogo, kama maji ya mtungi wenye ufa, mpaka kikabaki Kiswahili cha Unguja tu, cha utoto wake. Alimwita mama "we mwana". Aliuliza kama nguo zimeanuliwa kabla ya mvua. Khala ndiye aliyemgeuza kitandani, aliyemwosha, aliyemchana nywele. Twahara haikutajwa tena na mtu. Na ndiye aliyemnywesha: anamwinua kichwa kwa mkono wa kushoto, kikombe mkono wa kulia, kile cha seti ya wageni, mdomo wa kikombe kwenye mdomo wake, taratibu.

Alasiri moja nilikuwa nimekaa kwenye kigoda karibu nao. Bibi alikunywa mafunda mawili, akasogeza uso. Chai ikabaki zaidi ya nusu. Akamtazama khala, akasema, wazi kabisa, "Kunywa na wewe."

Khala hakujua Kiswahili. Akanigeukia. Nikamweleza kwa Kiurdu. Akakitazama kikombe, akamtazama bibi ambaye alikwisha fumba macho, akanitazama tena mimi.

"Una hakika ndivyo alivyosema?" akaniuliza.